Naomba ushauri: tuwabane vipi viongozi wa timu yetu ya hoki?

Habari zenu wana kundi. Naomba msaada, hasa kwenu mnaoishi Marekani na Kanada na kufuatilia hoki ya barafu.

Nina tiketi za msimu za timu ya mji ninaoishi inayocheza NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, mwaka wa sita sasa. Ligi ina timu 32 na 16 huingia mtoano, yaani nusu nzima, lakini sisi hatujagusa huko tangu nianze kulipa. Kocha anafukuzwa, anakuja mwingine, ila meneja mkuu anayesajili wachezaji haguswi. Hilo ndilo linaloniumiza. Naogopa tusije tukawa kama Buffalo Sabres, waliokosa mtoano misimu 14 mfululizo, 2011 hadi 2025.

Nimeandika barua pepe mara tatu nikiomba kikao cha mashabiki na uongozi. Majibu ni shukrani kwa uaminifu wangu, na ankara ya msimu ujao juu yake. Wenzangu wanataka tuchange fedha za mabango ya barabarani, kama mashabiki wa Ottawa walivyofanya mwaka 2018 kumtaka mmiliki wao auze timu. Lakini timu ile iliuzwa 2023, baada ya yeye kufariki, kwa hiyo sijui mabango yalisaidia kiasi gani.

Mwisho wa kulipia ni mwezi ujao. Je, nisilipie ili waone viti vitupu, au nikiacha nitapoteza hata ile sauti ndogo niliyo nayo? Na kuna aliyewahi kufanikiwa kumfikia mmiliki mwenyewe? Alipitia wapi?