Glezi inajivuta na kuacha mabaka: nichome kaolini kwanza?

UdongoMweupe:
Glezi yangu (tabaka la kioo la kupaka vyombo vya udongo) ni feldspa (madini yanayosaidia glezi kuyeyuka) 40, kaolini (udongo mweupe) 25, kalsiamu kaboneti 20, silika 15, ya kuchomwa nyuzi 1260. Ikikauka juu ya chombo inaweka nyufa nyembamba. Tanurini inajivuta na kuacha mabaka matupu, hasa kwenye pembe za ndani. Nasikia dawa yake ni kuchoma kaolini kabla ya kuchanganya. Niichome yote? Kwa joto gani? Vipimo vinabaki vilevile?

Tanuri7:
Usiichome yote. Chembe za kaolini ni vibamba vyembamba vinavyoshika maji. Maji yakitoka, tabaka la glezi linasinyaa na kupasuka, na glezi ikiyeyuka kila kipande kinajivuta kutoka kwenye ufa. Asilimia 25 ya kaolini mbichi ni nyingi kwa chombo ambacho kimeshachomwa mara ya kwanza, maana chenyewe hakisinyai tena kwa kukauka.

Kati ya nyuzi 450 na 600 hivi, kaolini inapoteza maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zake. Baada ya hapo hata ukiilowesha hairudi kuwa udongo wa kufinyangika. Lakini hiyo mbichi ndiyo inayoshikilia chembe nyingine zielee kwenye ndoo. Choma nusu tu.

Kibamba:
Mimi huweka bakuli la kaolini pamoja na vyombo vya mchomo wa kwanza, nyuzi 1000. Hakuna haja ya mchomo wa peke yake.

Tanuri7:
Itafanya kazi, ila 1000 imepitiliza. Karibu na nyuzi 980 muundo unabadilika tena, safari ya kuelekea mulaiti (fuwele ngumu za alumina na silika) inaanza, na unga hushikana vidonge vigumu. Nyuzi 700 zinatosha, ukishikilia joto saa moja au mbili. Kushikilia huko ni lazima: unga wenyewe unazuia joto, kwa hiyo bakuli likijazwa pomoni katikati hubaki mbichi. Weka kina cha sentimita 3 au 4, usishindilie, acha mvuke upate pa kutokea.

MizaniKwanza:
Kwenye vipimo ndipo wengi huharibu. Kaolini safi hupungua karibu asilimia 14 ya uzito ikichomwa, kwa hiyo gramu 100 za mbichi ni sawa na 86 za iliyochomwa. Katika 25 zako, acha 12 mbichi, na 13 zilizobaki zidisha kwa 0.86: unapima 11.2 za iliyochomwa. Jumla itakuwa 98.2 na si 100, usiijazie kitu. Ukiweka 13 kamili umeongeza alumina na silika (viungo vya kaolini yenyewe) bila kukusudia.

Hesabu hiyo pia ni kipimo cha mchomo. Kausha kaolini kwenye nyuzi 110 hadi uzito usibadilike, pima gramu 1000, choma, pima tena. Ikitoka 930, kuna sehemu haikuiva, au kaolini yako ina kwazi nyingi (silika ya fuwele, isiyopungua uzito ikichomwa). Rudia mchomo, uzito usipobadilika tena, basi ni kwazi, na tumia uwiano uliopata wewe badala ya 0.86.

UdongoMweupe:
Nimeshachoma zote 25 kwa pupa! Sasa glezi imetuama chini ya ndoo, ngumu kama sakafu.

Kibamba:
Ongeza bentonaiti (udongo laini sana unaovimba kwa maji), asilimia 2 ya uzito mkavu. Ichanganye na unga mkavu *kabla* ya maji. Ukiinyunyiza kwenye ndoo yenye maji inafanya mabonge yasiyovunjika. Kwa ndoo ambayo imeshaloweshwa, iloweshe pembeni kwa maji mengi usiku kucha, kisha pitisha kwenye chujio.

MizaniKwanza:
Isizidi 3, maana nayo inasinyaa, tena kuliko kaolini, na utarudi kulekule kwenye nyufa. Ikiwa bado inatuama, tia chumvi ya Epsom (magnesiamu salfeti) asilimia 0.2, iliyoyeyushwa kwanza kwenye maji ya moto, ikitiwa kidogokidogo huku ukikoroga. Glezi itakuwa nzito kama mtindi. Usikimbilie kuongeza maji: maji zaidi ni kusinyaa zaidi.

Tanuri7:
Na zile pembe za ndani, futa vumbi kwa sponji yenye unyevu na upunguze unene wa glezi hapo. Vumbi linaleta mabaka hata kama glezi haina kosa. Barakoa ya vumbi laini wakati wa kupima na kuchuja, silika haitoki mapafuni.