Ngoma mnaichezesha kwenye uzinduzi, maamuzi mnayafanya hotelini: acheni kuwafanya watu wa milimani mapambo

Wakuu, leo mnivumilie, natoa povu.

Kila mradi wa "maendeleo endelevu" unaopanda milimani una ratiba ile ile. Wageni wanawasili, kikundi cha ngoma kinatumbuiza, mgeni rasmi anahutubia. Halafu wazee na akina mama waliocheza juani wanagawiwa fulana zenye nembo ya mfadhili na maji ya chupa, wanaambiwa asanteni sana, na kikao chenyewe kinaanza wakiwa wameshaondoka. Ripoti ikitoka, picha yao iko jaladani na maelezo: "jamii imeshirikishwa". Imeshirikishwa katika nini? Kupiga makofi?

Posho kiduchu ni aibu, lakini hiyo niiache. Kinachonichefua ni kwamba hawa wataalamu wanaangalia kitu kinachofanya kazi na wanaona burudani.

Chukueni Hudhud za Waifugao, watu wa milimani kaskazini mwa Ufilipino. Ni tenzi zaidi ya 200, kila moja ina vipande kama 40, na kuuimba mmoja hadi mwisho kunaweza kula siku kadhaa. Zinaimbwa wakati wa kupanda mpunga, wakati wa kuvuna na kwenye mikesha ya misiba, na mara nyingi anayeongoza ni bibi mwenye kumbukumbu ya ukoo mzima kichwani. Yaani wimbo umo ndani ya kazi ya shamba. Sasa sikilizeni kituko. Matuta ya mpunga ya Waifugao, yale mashamba ya ngazi kwenye miteremko, yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1995. Mwaka 2001 UNESCO ikayaweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, maana vijana walikuwa wanahama na matuta yanatelekezwa. Mwaka huo huo wa 2001, shirika hilo hilo likazitangaza Hudhud kuwa kazi bora ya urithi wa binadamu! Wimbo unapewa cheti huku shamba linalouzaa linamomonyoka. Ilichukua mpaka 2012 matuta kutolewa kwenye orodha ya hatari.

Nasema hivi kwa sababu bado kuna watu wanaandika miradi ya "kuhifadhi nyimbo za asili" kwa kununua kinasa sauti na kamera, basi. Anayevuna kwa mashine peke yake ataimba na nani?

Au nendeni Peru, kwenye daraja la Q'eswachaka juu ya mto Apurímac. Daraja la kamba za majani, karibu mita 28. Kila mwaka jamii nne za Wakechua zinalisuka upya kwa siku tatu, kwa matambiko na kwa zamu zinazojulikana, na siku ya nne ni sherehe. Daraja la kisasa liko jirani pale, kwa hiyo si kwamba watu wamekosa pa kuvukia. Wanachokifanya upya kila mwaka ni ule ujirani: nani analeta kamba, nani anasimamia, nani hajatokea. Mwaka 2020 janga la korona liliwazuia kulisuka, na Machi 2021 likakatika likaanguka mtoni. Juni mwaka huo wakalirudisha wenyewe. Nitajieni mradi wenu mmoja ambao fedha zikiisha bado watu wanaukarabati kwa mikono yao.

Hata mifongo, ile mifereji ya asili ya Wachaga kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Wazungu wa karne ya 19 waliikuta inapeleka maji mashambani na watu wanagawana kwa zamu. Leo mtu anakuja na semina ya "usimamizi shirikishi wa maji" kana kwamba neno zamu limeletwa na ndege.

Na msiniambie sayansi na mila haziivi chungu kimoja. Uswisi na Austria ujuzi wa wenyeji wa kuishi na maporomoko ya theluji unatumika sambamba na vipimo vya kisasa, na mwaka 2018 uliingia kwenye orodha ya UNESCO. Ajabu, mzee wa milima ya Alpi huko Ulaya akisoma theluji anaitwa mwenye maarifa. Mzee wa kwingine akisoma mawingu anaitwa mshirikina.

Kabla hamjanirukia: sisemi kila mila ni tamu. Hapo Q'eswachaka penyewe, kwa desturi wanawake wanasokota kamba nyembamba juu, ukingoni mwa korongo, na wanaume ndio wanaofunga daraja. Kama kuna wa kulijadili hilo ni wao. Lakini hawawezi kulijadili kwenye kikao ambacho hawamo.

Umoja wa Mataifa ulitupa Mwaka wa Kimataifa wa Milima 2002, ukatupa Siku ya Kimataifa ya Milima kila Desemba 11 kuanzia 2003, ukatupa tena Mwaka wa Maendeleo Endelevu ya Milima 2022. Mabango tumeyaona. Nyimbo pia tumezisikia, zile ambazo afisa mawasiliano ametunga maneno ofisini, "tutunze mazingira, tupande miti", halafu akatafuta mdundo wa kienyeji wa kuzipakia. Wimbo wa mlimani wenyewe ungemtaja aliyeziba mfereji, na huenda ndiyo maana hauitwi jukwaani!

Sasa, mlioko kwenye hizo ofisi, najua mmo humu mnasoma kimya kimya. Njooni mjibu. Kwenye bajeti zenu sanaa iko fungu gani, si ni "burudani na viburudisho"? Msuka kamba, fundi wa kuta za mawe, mwimbaji, kuna hata mmoja aliyewahi kulipwa kama mshauri, kwa kiwango cha mshauri? Na nani kati yao ana kura pale mnapoamua mradi uanzie wapi?

Anayebisha aje na bajeti, asije na picha.