Kuku wananimalizia tungule, naomba ushauri

Assalaam alaykum jamani. Niko Wete, Pemba. Uwani nina matuta mawili ya tungule na moja la mchicha, na kuku tisa wa kienyeji wanaozurura kutwa. Mchicha wanaudonoa, hilo nimeshalizoea. Kinachoniuma ni kule kuchakura. Nikitandaza majani makavu udongo usikauke, wao wanaona nimewaandalia pa kutafutia wadudu. Jana tetea mmoja kajilaza kwenye shina la mche, anaoga vumbi, mizizi yote nje, na ananitazama kama mimi ndiye mgeni.

Nimezungushia wavu mkuukuu wa kuvulia, kimo cha kiuno. Vifaranga wanapenya chini, jogoo anaruka juu. Kuwafungia kutwa sitaki, banda dogo na chakula cha dukani bei yake mnaijua.

Aliyewahi kukata manyoya ya bawa moja, kweli hawaruki tena? Na makumbi ya nazi yakipangwa kuzunguka shina yanasaidia? Au nioteshe miche kwenye ndoo mbovu juu ya ukuta mpaka ikomae? Mke wangu anasema dawa yao mchuzi, ushauri huo ninao tayari.