Ninywe nini chenye sukari kidogo ninapokimbia kutoka stesheni ya Kigoma hadi Ujiji?

Mkimbiaji wa Mwanga (Kigoma)

Habari zenu. Kila Jumamosi mimi na wenzangu wanne huondoka mbele ya stesheni ya reli saa kumi na mbili asubuhi, tukapanda hadi Mwanga, kisha tukafuata barabara ya Ujiji na kurudi, safari inayotuchukua kama saa moja na dakika arobaini. Katikati ya wiki hufanya mazoezi ya dakika arobaini tu, ndani, ya kuruka kamba na kunyanyua vyuma.

Wenzangu hununua kinywaji cha kuongeza nguvu cha chupa ya mililita 300, nami nimekuwa nikiwafuata. Hata hivyo nimeona kwamba tumbo hujaa nikiwa bado njiani, moyo hudunda kupita kiasi, na nikifika nyumbani mwili hulegea ghafla kana kwamba sikunywa kitu. Mama yangu anaugua kisukari, kwa hiyo suala la sukari silichukulii kwa wepesi. Je, kuna kinywaji kitakachonirudishia maji na nguvu bila kunijaza sukari?

Muuguzi Mstaafu

Mwanangu, anza kwa kusoma lebo ya hiyo chupa, na uisome yote. Vinywaji vingi vya namna hiyo huandikwa gramu 11 hivi za sukari kwa kila mililita 100, tarakimu ambayo humfanya mnunuzi aone ni kidogo. Chupa yako ina mililita 300, maana yake ni gramu 33, yaani vijiko vya chai vinane. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isifikie asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Umeshaipita kabla ya kunywa chai ya asubuhi. Kudunda kwa moyo huenda kunachangiwa na kafeini iliyomo, na kujaa kwa tumbo ni jambo la kawaida, kwa sababu maji yenye sukari nyingi huchelewa kutoka tumboni kwenda kwenye utumbo mwembamba, mahali ambapo mwili huyafyonza.

Kwa mazoezi yako ya dakika arobaini, maji matupu yaliyochemshwa yanatosha kabisa. Mwili una akiba ya sukari kwenye misuli na kwenye ini, na muda huo hauwezi kuimaliza kwa mtu aliyekula vizuri jana yake. Mbio za Jumamosi ni habari nyingine, kwa kuwa zinavuka saa moja na jasho linalotoka hapo linabeba chumvi. Sukari kidogo ina kazi yake wakati huo, kwani kwenye utumbo hufyonzwa pamoja na chumvi na kuyavuta maji yaingie mwilini. Ndiyo kanuni inayotumika katika ORS tunayowapa wanaoharisha.

Asali na Baiskeli (Tabora)

Mimi huendesha baiskeli na sijanunua kinywaji cha dukani kwa muda mrefu. Huku kwetu asali ya miombo haikosekani, hivyo huweka vijiko vinne vikubwa katika lita moja ya maji pamoja na ndimu. Ni kitu cha asili, hakina sukari, na nguvu zake hudumu. Ningemshauri ndugu yetu wa Kigoma afanye vivyo hivyo.

Muuguzi Mstaafu

Ndugu wa Tabora, asali yenu naipenda, lakini kusema haina sukari si kweli. Takriban asilimia 80 ya asali ni sukari, na kijiko kimoja kikubwa kina gramu 17 hivi. Vijiko vinne ni gramu 68 katika lita, ambacho ni kiwango cha juu kidogo kuliko vinywaji vingi vya wanamichezo, vinavyokaribia gramu 60. Mtu anayeendesha baiskeli saa tatu kwenye jua la mwezi wa kumi anaweza kukihitaji, ila anayetafuta sukari kidogo atumie vijiko viwili. Pia sikuona chumvi katika mchanganyiko wako.

Kocha wa Gungu

Hapo kwenye chumvi ndipo ninapotaka kukazia. Vijana ninaowafundisha mpira hulalamika kwamba wameishiwa nguvu, wakakimbilia soda, kumbe walichopungukiwa ni maji na chumvi. Mchanganyiko wetu ni huu: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, robo kijiko cha chai cha chumvi, na ndimu moja. Sukari yake ni kama gramu 24 kwa lita nzima, wala si kwa chupa moja. Chumvi ikizidi sana, kinywaji hakinyweki. Siku moja kijana mmoja alipima kwa kiganja na timu nzima ikamwaga pembeni ya uwanja. Mwenye shinikizo la juu la damu amwone daktari kwanza kabla ya kujiongezea chumvi.

Rosela iliyochemshwa bila sukari, ambayo wengine huiita choya, ni nzuri kwa asiyependa ladha ya maji matupu, lakini haichukui nafasi ya chumvi. Juisi ya miwa iache kabisa wakati wa mbio. Ukishafika nyumbani, bilauri ya maziwa au mtindi usiotiwa sukari itakupa maji, chumvi na protini kwa pamoja.

Kuhusu kiasi, jipime uzito kabla na baada ya kukimbia. Kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya maji. Jitahidi upungufu usivuke asilimia 2 ya uzito wako, na usinywe hadi uzito uongezeke, kwa sababu maji yakizidi huzimua chumvi ya damu, na hilo ni hatari ya kweli.

Mkimbiaji wa Mwanga (Kigoma)

Shikamoo mama, na asante kocha. Jumamosi hii nilibeba nusu lita ya mchanganyiko wa ndimu, nikatumia chumvi ya Uvinza iliyokuwapo jikoni. Tumbo halikujaa. Niliondoka na kilo 74.2 na kurudi na kilo 73.1, kwa hiyo nimetokwa na lita 1.1 za jasho. Je, wiki ijayo nibebe lita nzima?

Kocha wa Gungu

Umesahau nusu lita uliyokunywa njiani. Jasho lako ni kama lita 1.6, na ulichopungukiwa ni kilo 1.1, yaani asilimia 1.5, ambayo haijavuka mpaka. Nusu lita inakutosha kwa asubuhi kama hizi. Jua likiwa kali, au mkichelewa kuondoka, ongeza robo lita, na nyingine uinywe taratibu ukiwa umeshapumzika. Nguo zilizolowa uzivue kabla ya kupanda kwenye mizani, kwani nazo zina uzito wake.

Muuguzi Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Mama naye amepimwa lini mara ya mwisho?