Kumvuta mtelezaji kwa boti: kioo kinatosha au lazima awepo mwangalizi?

Mpiga Kasia
Habari wakuu. Naomba ufafanuzi kwa wanaovuta watu wa ski za majini. Boti ina injini ya nje, kioo kipana cha kuangalia nyuma kimefungwa juu ya usukani, kamba ni ya mita 23. Je, kioo hicho kinaweza kuchukua nafasi ya mtu wa kukaa akimwangalia mtelezaji? Ishara zipi za mkono tukubaliane kabla ya kuondoka? Na mtu akianguka, boti imrudie vipi bila kumsogezea propela? Watakaovutwa ndiyo kwanza wanaanza: watu wazima wawili na mtoto wa miaka 10.

Tezi na Omo
Mkuu, kioo hakitoshi. Piga hesabu: kwa kilomita 40 kwa saa, boti inakwenda mita 11 kila sekunde. Ukiinua macho kwenye kioo, ukamtafuta mtelezaji, ukahakikisha bado yuko wima, sekunde tatu zimekwisha na umeshapita mita 33 bila kuona mbele. Gogo linaloelea au kichwa cha mtu anayeogelea kinahitaji mita chache kuliko hizo. Zipo sehemu ambako sheria inakubali kioo badala ya mtu, lakini hesabu haibadiliki kwa sababu sheria imeruhusu.

Mwangalizi akae, asisimame, uso wake uelekee tezi, yaani nyuma ya boti, muda wote. Asishike kamba, asipakate mtoto, asipige picha za simu, maana anayepiga picha anatazama skrini, hamtazami mtu. Awe mkubwa wa kutosha kupaza sauti bila woga na kumsaidia mtu kupanda botini. Sheria nyingi zinataja umri wa chini wa mwangalizi na unatofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo hakikisha wa kwako.

Kubalianeni maneno machache. Injini ikinguruma, "punguza" na "geuza" yanasikika karibu sawa, hivyo kila neno liende na ishara ya mkono, na dereva alirudie kwa sauti. Asiporudia, mwangalizi achukulie kwamba hajasikia.

Kamba Nyoofu
Naongezea ishara. Dole gumba juu ni ongeza kasi, dole gumba chini ni punguza. Kidole gumba na cha shahada vikifanya duara: kasi hii hii. Kidole kikizungushwa hewani: geuza. Kiganja kikipita mbele ya shingo: simamisha. Kugusa utosi: nirudishe nilikotoka.

Iliyo muhimu kuliko zote inakuja baada ya kuanguka. Mtelezaji ainue mikono miwili juu ya kichwa aiunganishe, maana yake "niko salama". Asipoitoa mara tu anapoibuka, mchukulieni kuwa ameumia, hata kama kichwa kiko juu ya maji. Kama kuna boti nyingine karibu, ainue na ski moja isimame wima, kwa sababu kichwa peke yake hakionekani kati ya mawimbi.

Bendera ya rangi ya chungwa au nyekundu, ya sentimita 30 kwa 30, mwangalizi aiinue mtelezaji anapokuwa majini bila kuvutwa, na pia wakati kamba na ski bado ziko nje zinaelea. Mtu akishasimama anavutwa, ishushwe. Wengine huifunga ipepee kutwa nzima, mwisho boti jirani zinaizoea na haina kazi tena.

Mpiga Kasia
Shukrani sana. Vipi hatua za kuondoka? Hapo ndipo wanaoanza wanahangaika.

Tezi na Omo
Jaketi kwanza: liwe la sponji, linalobana mwili. Yale ya kujaa hewa hayafai, kwa kuwa pigo la maji kwa kasi hiyo linaweza kulifungua au kulipasua.

Mtelezaji akishakuwa majini, dereva aweke gia ya mbele kwa sekunde moja mbili, arudishe nyutro, mpaka kamba inyooke. Hapa mwangalizi aikague kamba kuanzia botini hadi mpini. Kamba iliyolegea huelea ikijikunja, na kitanzi kimoja kwenye kifundo cha mkono au shingoni, boti ikikaza, hakifunguki. Kwa sababu hiyo hiyo mtelezaji asijiviringishie kamba kiganjani, wala asipitishe mkono au mguu ndani ya mpini. Magoti yawe kifuani, mikono imenyooka, ncha za ski nje ya maji, kamba katikati ya ski mbili. Akisema "twende", mwangalizi anampa dereva neno, siyo kabla.

Ongeza moto kwa mfululizo, bila kushtua. Mtoto wa umri huo kilomita 20 hadi 24 kwa saa zinamtosha, mtu mzima kwenye ski mbili 30 hadi 40 kulingana na uzito. Akivuta mpini kifuani ataangukia mgongo. Akiharakisha kusimama ataangukia uso. Aache boti imwinue.

Njia yenu iwe na mita 30 wazi kila upande, kina kisipungue mita 2, na msielekee jua linalozama.

Gia Nyutro
Kuhusu kumrudia aliyeanguka. Usikate kona kwa kasi. Kona kali inazalisha mawimbi yatakayomfikia kabla yako, na anayeanza anaweza kumeza maji hapo hapo. Punguza kwanza, kisha geuka taratibu, na mweke upande wa usukani ulipo ili wewe mwenyewe umwone mpaka mwisho. Mwangalizi aendelee kumnyooshea kidole.

Kama anataka kuendelea, mzunguke kwa mbali ili kamba ijilete kwake yenyewe. Aiache iteleze mkononi, asiikamate, mpaka mpini umfikie.

Kama anapanda, kaa upande ule upepo unakoelekea, omo (mbele ya boti) iuelekee upepo, boti isisukumwe juu yake. Zima injini kabla hajafika kwenye ngazi, naye asubiri propela isimame kabisa. Nyutro haitoshi: propela inaweza kuendelea kuzunguka, na goti likigusa wenzo gia inaingia. Propela ya panga tatu kwa mizunguko 3,200 kwa dakika inapiga mara 160 kila sekunde. Na rivasi usiitumie kabisa kumfuata mtu.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana hapo nyuma. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, haina harufu, na hujikusanya kwenye tezi. Asikae mtu ngazini wala kuning'inia nyuma injini ikiwaka, na kamba ya kumvutia isiwe fupi kuliko mita 6.

Akiwa hajibu au analalamika shingo, msimvute kwa mikono. Mwenye jaketi aingie majini, amshikilie kichwa na mwili kwenye mstari mmoja, uso juu, huku mkiita msaada.

Mpiga Kasia
Na tukiwavuta wale wakubwa wawili pamoja?

Kamba Nyoofu
Wakiwa bado wanaanza, mmoja mmoja ni bora. Baadaye, kamba zote mbili ziwe na urefu sawa, ili anayeanguka asijikute kwenye kamba ya mwenzake. Mmoja akianguka, mwangalizi ampe wa pili ishara ya "simamisha", aachie mpini, macho yarudi kwa aliyeanguka. Kabla ya kumwendea, kamba zote zivutwe ndani: inayoburuta wakati wa kugeuka ndiyo inayoingia kwenye propela.