Wenzangu kazini wanataka kugoma J'mosi, mimi naogopa. Naombeni ushauri

Keshia_Mbauda

Wakuu habari za usiku, naombeni mnisomee mpaka mwisho maana kichwa kimejaa. Mimi ni keshia kwenye supamaketi moja hapa Arusha, nina mwaka na miezi minne pale. Tuko ishirini na kitu ukijumlisha machalii wa stoo na wadada wa shelfu. Sasa wenzangu wamekubaliana J'mosi hii asubuhi hakuna kufungua kaunta, tuvae yunifomu tusimame pale nje mlangoni mpaka bosi mwenyewe aje. Wamechagua J'mosi sababu ni mwisho wa mwezi, siku hiyo foleni inafikaga mpaka kwenye mafriji.

Madai ni ya kweli kabisa. Kwanza shoti. Ukifunga hesabu usiku droo ikipungua unaandikwa kwenye daftari, unasaini palepale, mwisho wa mwezi unakatwa. Mshahara wangu ni 260,000, mwezi uliopita nimekatwa 97,000. Na siyo kwamba hela nimepoteza mimi. Kuna siku mafuta ya kula ya lita tano bei ya kwenye shelfu ilikuwa nyingine na mashine ikasoma nyingine ya juu, mteja kagoma kulipa, supavaiza akaniambia muuzie kwa ile ya shelfu, usiku tofauti yake ikaandikwa shoti yangu. Nilivyomkumbusha akasema hakumbuki. Nilikuwa nimezipanga zile sarafu za mia mia mbele yangu nazihesabu mara ya tatu huku machozi yanatoka, mlinzi anasubiri afunge geti.

Pili tunaingia saa 2 asubuhi tunatoka saa 2 usiku, siku sita, kula ni saa moja tu, na ovataimu hatujawahi kuiona. Tatu tunataka mshahara upande.

Ila nina mtoto darasa la tatu, nina kodi, nina mkopo wa vikoba na rejesho ni kila J'tano. Halafu juzi meneja kaniita stoo akaniuliza nani anaongoza hili jambo, akasema mimi nina akili nisijiharibie. Sikumtajia mtu hata mmoja, nawaapia. Lakini kuna mwenzangu aliniona natoka kule, sasa nikiingia sehemu ya kula watu wananyamaza. Nikigoma kibarua kinaota nyasi, nisipogoma ntawatazamaje wale watu ambao mwanangu alipolazwa ndo walinichangia hela ya dawa?

Baba_Pacha

Pole sana dada. Mimi nasema gomeni. Mmevumilia vya kutosha, mwenye duka anaelewa mauzo tu, siku moja kaunta zikilala ataita kikao mwenyewe. Na mkiwa wote hawezi kuwafukuza ishirini kwa mkupuo.

Mama_Majengo

Baba Pacha samahani kaka yangu, wanaweza, mimi niliona kwa macho yangu hapa Moshi. Tuligoma siku moja na nusu kwenye duka la jumla, tulikuwa kumi na mmoja, tumeshikana kweli. Siku ya pili jioni barua zetu zilikuwa kwa mlinzi getini, kila mtu anaitwa jina anapewa yake. Tulipofika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi tukaulizwa mgogoro mliuleta lini kabla ya kugoma, kura mlipiga lini, notisi ya masaa 48 iko wapi. Hatukuwa na karatasi hata moja, tulikuwa na haki mdomoni tu. Nikaenda kuuza mitumba Memorial na ndo niko huko mpaka leo. Mdogo wangu usiogope madai, ogopa hiyo J'mosi.

Tawi_Zamani

Niliwahi kuwa kiongozi wa tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, kazini kwangu, ngoja nieleze maana watu wengi wanaumia hapa.

Kugoma ni haki yenu, iko kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Ila sheria inatenganisha mambo mawili. Kitu ambacho tayari ni chenu kwa sheria au kwa mkataba na mwajiri hatoi, hicho ni lalamiko, na lalamiko haligomewi, linapelekwa Tume. Kitu ambacho bado si chenu mnataka mpewe, kama nyongeza ya mshahara, ndo mgogoro wa maslahi, huo ndo unagomewa, na bado lazima upite Tume kwa usuluhishi siku 30, ukishindikana mpige kura, kisha mwajiri apewe notisi ya masaa 48. Mkifuata hayo hawezi kumfukuza mtu kwa kugoma, japo siku mnazogoma halazimiki kuwalipa. Na hiyo ya kusimama mlangoni iacheni kabisa, sheria yetu imekataza hata kama mgomo wenyewe ni halali.

Sasa angalia madai yako dada. Masaa 11 mara siku sita ni 66, sheria inasema 45 kwa wiki, kwa hiyo kila wiki una masaa 21 ya ziada ambayo unatakiwa kulipwa mara moja na nusu. Kwa wiki nne ni 84, na mwisho unaoruhusiwa ni 50. Yaani hapo mwajiri ana makosa mawili kwa mpigo.

Shoti ndo kabisa. Hasara haikatwi hivi hivi, lazima iwe ni kosa lako, akuandikie sababu na kiasi, akupe nafasi ya kupinga, ukubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara. Robo ya 260,000 ni 65,000. Wewe umekatwa 97,000.

Kwa hiyo mawili makubwa ni malalamiko. Mnajaza fomu namba 1 ya Tume, haina malipo, mnaweza kuungana mkamteua mmoja asaini na mkaambatanisha orodha yenye majina na saini zenu. Nakala apewe mwajiri kwanza, asaini kapokea, ndo mpeleke. Ila muda ni siku 60 tangu jambo litokee, msilale.

Keshia_Mbauda

Asante sana kaka, Mungu akubariki. Ila lile daftari si nimesaini mwenyewe kila usiku? Si watasema nilikubali?

Tawi_Zamani

Watasema. Ndo maana utaulizwa ulisaini kukubali nini, ulipewa nafasi gani ya kujieleza kabla ya kusaini. Piga picha kurasa zenye jina lako, tunza silipi zote, andika tarehe ya yale mafuta na supavaiza alisema nini. Na kama kuna wapya hawajafika miezi sita kazini waambieni ukweli, wao kinga ya kufukuzwa isivyo haki hawana bado, wasitangulizwe mbele.

Msimamizi_Njiro

Mimi nasimamia duka kwa hiyo naongea nikiwa upande wa pili. Ulivyokataa kutaja majina ulifanya vyema. Ila usikae na hiyo siri ya stoo, waambie wenzako wote kwa pamoja meneja alikuuliza nini na ulimjibu nini. Ukinyamaza watajaza wenyewe.

Keshia_Mbauda

Wakuu nimerudi kuwapa mrejesho. Jana usiku tulikutana kwa mwenzetu mmoja Kwa Mrombo, nikawaambia habari ya stoo kwanza kabla ya kitu chochote, miguu inatetemeka. Yule dada wa shelfu aliyekuwa haniongeleshi akasema na yeye aliitwa wiki iliyopita, akaogopa kusema. Kumbe tumeitwa wanne.

Nikawasomea alichoandika Tawi Zamani, nikarudia mara mbili ile ya robo. Wengi wakatoa silipi zao pale pale wakaanza kupiga hesabu kwenye simu. Machalii wawili wa stoo bado wanataka J'mosi, wamekasirika, tumebishana mpaka saa 5, mwisho wamesema watasubiri ila siyo milele. Waliosaini orodha ni 17. Wale wapya wawili tumewaacha pembeni. Mshahara tutauongelea tukishajiunga na chama, mwenzetu mmoja anaenda ofisi ya TUICO J'tatu akiwa off.

Kwa hiyo J'mosi ntafungua kaunta kama kawaida. Ikabaki nani atampelekea meneja ile nakala asaini, watu wakaangaliana. Nimesema ntapeleka mimi.