Wagosi wa Kaya, msimu ujao tuanze na lipi: straika au uwanja?

Mgosi_Makorora:

Wagosi, habari za huko. Ligi ya 2024/25 imeisha, Coastal Union yetu ya Tanga haikushuka, na hapa mtaani watu wanapeana mikono kama tumebeba kombe. Mimi nimeshindwa kushangilia. Nina maswali na naomba majibu ya watu wazima, sio matusi.

Mwaka 2024 kipindi kama hiki tulikuwa tunatembea kifua mbele. Tumemaliza wa nne nyuma ya Yanga, Azam na Simba. Ley Matampi kachukua tuzo ya kipa bora, kampiku kipa Diarra wa Yanga, watu wa Dar wakabaki wanakodoa macho. Tumekata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kilichofuata mnakijua: tukaenda Angola, Bravos do Maquis wakatufunga tatu, marudiano Chamazi, Dar, sare tasa, na Agosti haijaisha tumeshatolewa. Kocha David Ouma naye akaondoka msimu ukiwa bado mbichi. Kuanzia hapo mwendo ukawa wa kuchechemea, leo pointi, kesho tunaziacha kwa timu ambazo zamani tulikuwa tunazifunga huku tunacheka.

Lakini kilichoniuma kuliko yote ni mechi ya Simba, mwezi wa tatu 2025. Mechi ya nyumbani, badala ya uwanja wetu wa Mkwakwani hapa Tanga, imechezwa Arusha! Mimi na binamu yangu tukapanda basi, mfuko wa machungwa ya Muheza miguuni, zaidi ya kilomita 400 kwenda kuangalia timu yangu ikiwa "mwenyeji". Uwanja wa Sheikh Amri Abeid ulikuwa umejaa Simba watupu. Mukwala, straika wa Simba, akapiga la kwanza, akapiga la pili, jamaa wa pembeni yangu akanigeukia: "Mzee, mbona umenuna na Mnyama anaongoza?" Nikamwambia mimi wa Coastal. Akanitazama kwa huruma kabisa, akaniomba chungwa. Nikampa. Mukwala akapiga la tatu jamaa bado anamenya.

Sasa dirisha la usajili linafunguliwa na maneno yameanza: tunaleta straika wa Kongo, tunaleta winga wa Ghana. Kila mwaka hivyo hivyo. Tanga haijawahi kukosa wachezaji, shida yetu ni kukaa nao. Beki wetu Mwamnyeto aliondoka 2020 kwenda Yanga. Dirisha lile lile beki mwingine, Ame, akaenda Simba. Mwaka 2022 mshambuliaji wetu Sopu aliwafunga Yanga mabao matatu peke yake kwenye fainali ya Kombe la Azam, 3-3, tukafa kwa penalti, na kabla hatujamaliza kusimulia akawa mchezaji wa Azam. Mwaka 2024 tukawa kwenye magazeti wiki nzima kwa sakata la usajili wa beki wetu Lawi na Simba. Simlaumu mchezaji hata mmoja, kila mtu ana familia inayomtegemea. Ninachouliza ni hiki: tukiuza, tunajenga nini?

Ningepewa kuchagua, straika mmoja wa nje au mechi zetu zote 15 za nyumbani zichezwe Mkwakwani, ningechukua Mkwakwani kabla hujamaliza kuuliza. Nyie mnaonaje?

Mzee_wa_Ngamiani:

Mwanangu, umeandika kwa uchungu na uchungu wako naujua. Mimi 1988 nilikuwepo, ubingwa tuliuona kwa macho, nyie mnausikia kwenye hadithi. Lakini hapo kwa uwanja nakupinga.

Mwaka 2016 Mkwakwani ilikuwa yetu, hatukusafiri kwenda Arusha wala wapi. Tukashuka. Tena hatukushuka peke yetu: sisi, African Sports na Mgambo, timu tatu za mkoa mmoja, msimu mmoja. Tanga nzima ikabaki haina timu Ligi Kuu mpaka tuliporudi 2018. Wakati ule watu walikuwa wanakaa jukwaani wamegeuza migongo, wanacheza bao la kete. Uwanja haufungi magoli. Tuletee mtu wa kufunga, hayo mengine tutaongea tukiwa na pointi 30.

Mwananchi_Chumbageni:

Poleni majirani 😂 Mimi Yanga, ila mke wangu Coastal damu, kwa hiyo humu ndani ya nyumba nawasema kwa adabu. Mwamnyeto mlitulelea vizuri, tukampa na kitambaa cha unahodha. Na Sopu kwenye ile fainali ya 2022 pale Arusha alinitoa jasho, nilishakubali kombe limekwenda Tanga.

Ila niwaambie kitu kama mtu wa nje. Timu yenu mkikutana na sisi au Simba mnacheza kufa na kupona. Oktoba 2024 mlitoka 2-2 na Simba, mechi ambayo wengi walishaihesabu pointi tatu. Wiki inayofuata mnakutana na timu ya kawaida mnalala. Hilo straika wa Kongo hawezi kulitibu.

Da_Mwanahawa_Pongwe:

Naona kaka zangu mnagombana straika na uwanja, karatasi hamzitaji. Mimi kazi yangu ni hesabu, sio mpira, lakini mpira wa leo nao ni hesabu.

Mchezaji akibakiwa na miezi sita kwenye mkataba, anaruhusiwa kuzungumza na timu nyingine na kuondoka bure ukiisha. Kwa hiyo kijana anayetoka timu ya vijana ukimpa mwaka mmoja, akicheza vizuri nusu msimu tu, umeshampoteza. Timu kubwa haina haja ya kukupigia simu, inasubiri. Mpe miaka mitatu, muongezee mshahara kila mwaka, na ukimuuza weka kipengele cha asilimia akiuzwa tena mbele. Akina Mwamnyeto na Sopu wa kesho wakipita njia hiyo, hata wakiondoka wanaacha kitu.

Na kuhusu uwanja, Mgosi ana hoja nusu. Mkwakwani ni mali ya CCM, sio yetu. Hata tukirudi kesho tutarudi kama wapangaji. Lakini mpangaji wa mtaani kwake ana nafuu: timu inalala nyumbani, hakuna basi wala hoteli, na siku ya Simba au Yanga mapato ya mlangoni yanatoka kwa watu wa Tanga wenyewe, wakiwemo akina mama wa vitafunwa pale nje ambao msimu huu wamekosa siku yao. Arusha mapato yale yanaliwa na safari.

Mgosi_Makorora:

Dada Mwanahawa, hilo la miezi sita ndilo nilikuwa nalitafuta na nashindwa kulisema. Ahsante.

Mzee wangu, shikamoo. 2016 naikumbuka, na ile timu ilikuwa imeshavunjika kabla msimu haujafika katikati, hata ungeipeleka uwanja gani ingeshuka. Ya sasa haijavunjika. Ina vijana wanaokimbia dakika 90, ila wanakimbilia kwenye majukwaa yasiyowajua majina. Ukicheza hata mechi za nyumbani ugenini, ile sare ya dakika ya 85 inageuka kipigo, kwa sababu hakuna anayekupigia kelele urudi nyuma ukabe. Msimu huu nimeziona hizo mechi kwenye Azam TV na ungesema ni mazoezi.

Mwananchi, wewe ulichosema ni kweli tupu na kinauma. Kwa mkubwa tunafufuka, kwa mdogo tunasinzia. Hapo namwachia kocha, maana mimi sijui dawa yake. Na mwambie shemeji tunamsalimia.

Matumaini ninayo, msinielewe vibaya. Timu iliyopanda 2018, ikamsajili hata mwanamuziki Ali Kiba watu wakacheka, miaka minne baadaye ilikuwa fainali na Yanga. Miaka miwili tena, ikamaliza ya nne. Kupanda tunajua. Ila mwaka huu nikiona wametangaza winga wa Ghana kabla hawajasema mechi ya kwanza ya nyumbani inachezwa wapi, kadi yangu ya uanachama naiweka kabatini kwanza.

Mzee_wa_Ngamiani:

Marahaba. Kadi usiiweke kabatini, ukija mkutano mkuu bila kadi utaongelea wapi hayo? Lipa, uje usimame uulize mauzo yamekwenda wapi, mimi nitakaa nyuma yako. Na huyo winga wa Ghana akija na akafunga kumi, utanilipa kahawa ya wiki nzima.

Mgosi_Makorora:

Akifunga kumi nalipa ya mwezi, na kashata juu. Ila zifungwe Mkwakwani.